Kiti cha Nyuma cha Mzee Mashaka

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Mengi yameshanitoka, hata majina ya watu niliokula nao pilau, lakini siku ile bado naiona yote, na jua lake, na vumbi lake. Sikuwa na nia ya kukusimulia. Mimi ni mtu mzima, nimechoka, na mambo ya zamani yanachosha hata kuyataja. Ila juzi ulinitolea wavu mkuukuu kutoka ndani ya kiti cha gari la babu yako, ukaushika kwa vidole viwili na kuniuliza, "Bibi, ni nani aliyeweka uchafu huu humu?" Nikacheka, nawe ukadhani nakucheka wewe.

Basi kaa. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mtoto wa mwanangu, kwa sababu ninayotaka kukwambia ningemwambia mtoto yeyote. Zima hiyo simu kwanza. Nimeona unavyowatazama vijana wa nchi za watu wakifungua magari ya zamani na kuyarudishia ujana huku muziki unapigwa. Kiti kinatoka kimechanika, wanageuka kidogo, kinarudi kinang'aa. Sijaona hata siku moja wakionyesha nani alikuwa anapika ndani ya nyumba hiyo huku anaruka misumari. Mimi ndiye niliyekuwa napika.

Gari lenyewe unalijua. Alilinunua baba mkwe wangu, Mzee Mashaka, baba yake babu yako, likiwa tayari limeshatumiwa na wengine. Alilifanya teksi. Alikuwa anangoja treni pale stesheni ya Kigoma, anawapakia watu na mizigo yao, anawaleta Ujiji taratibu, maana hakuwa mtu wa mbio. Na alikuwa na desturi yake moja. Binti yeyote wa mtaa wetu akiolewa, Mzee Mashaka ndiye anayempeleka kwa mumewe. Siku hiyo haendi stesheni. Analiosha gari tangu asubuhi, anatandika kitambaa cheupe kwenye kiti cha nyuma, bibi harusi anakaa katikati, somo yake huku, shangazi yake huku. Mimi mwenyewe nilipoolewa na babu yako Yusufu nilitolewa kwetu Mwanga, hapa hapa Kigoma, nikaletwa Ujiji juu ya kiti hicho. Nilikuwa nalia, kama ilivyokuwa adabu, lakini nakumbuka niliona kiti ni laini.

Mwaka huo huo Mzee alianguka kwenye ngazi za msikiti. Nyonga iliumia na haikupona sawasawa. Hakuendesha tena. Gari likapandishwa juu ya matofali uani, na ukishaliweka gari juu ya matofali, dunia nzima inajua halina mwenyewe. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Panya walikula sponji. Mvua iliingia kwenye mpira wa kioo, kitambaa cha dari kikaachia, kikawa kinaning'inia kama chandarua kilichokatika kamba. Mzee alikuwa akipita pale na fimbo yake, hatazami upande ule.

Halafu Rehema akachumbiwa. Huyu Rehema alikuwa mdogo wake babu yako, kitinda mimba, wifi yangu niliyempenda kwa sababu alikuwa ananisaidia kuosha vyombo bila kuambiwa. Mchumba alikuwa kijana wa Katubuka. Siku waliyokuja kuleta posa, wageni walipoondoka, Mzee alisema neno moja tu: "Rehema ataondoka hapa kwa gari langu." Babu yako akajibu, "Inshallah, baba." Mimi nikamtazama mume wangu, nikajua tumekwisha.

Injini haikutusumbua. Alikuja fundi kutoka Gungu, akalala chini ya gari, akatoka mweusi tititi, na gari likanguruma. Ndani ndiko kulikotumaliza. Babu yako alikuwa anafanya kazi Katonga, kununua dagaa kutoka kwenye mitumbwi, kuwaanika mchangani na kuwafunga kwenye magunia ya kusafirishwa. Anarudi alasiri, hata chai hajamaliza, yuko ndani ya gari na bisibisi. Alitoa kila kitu. Viti, mazulia, mbao za milango, kitambaa cha dari, hadi kile kijiti cha kuwashia taa. Na kwa sababu uani kuna mvua na kuna wezi, vyote vikaingia ndani ya nyumba. Mbao za milango zikawa nyuma ya kitanda chetu. Springi zikawa jikoni. Kiti cha nyuma, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, kikawekwa sebuleni chini ya dirisha, juu ya matofali yale yale, na viti vyetu vya wageni vikatolewa nje kukipisha.

Sikusema kitu. Baba yako alikuwa tumboni, na mwanamke mwenye mimba ya kwanza anahifadhi nguvu zake. Lakini kushona nilishona mimi. Nilikuwa na cherehani yangu ya mkono niliyokuja nayo kutoka kwetu, nawashonea watu magauni. Ukiizoesha sindano kitambaa chepesi halafu ukailetea ngozi ya bandia, inakuvunjikia. Nilivunja sindano nyingi. Ngozi ile ni nzito, inabidi mmoja aivute na mwingine azungushe, na mvutaji alikuwa mimi vilevile. Bega hili la kulia unaloniona nalisugua wakati wa baridi lilianzia pale. Mteja mmoja alikuja kuchukua blauzi yake ya harusi akakuta nimeipiga uzi mweusi wa viti vya gari, mkono mzima. Alinitazama, akatazama sebule yangu, akaichukua akaenda zake bila kunigombeza. Nadhani alinionea huruma.

Mzee Mashaka sasa. Tangu aumie, mtu yule alikuwa hana mahali pa kukaa. Kigoda kinamuumiza kwa sababu ni kifupi, kiti cha mbao kinamuumiza kwa sababu ni kigumu, na kitandani akilala chali anaguna. Siku ya pili tangu kiti cha gari kiingie sebuleni, nilirudi kutoka bombani na ndoo yangu nikamkuta amekaa juu yake. Mgongo umeegemea, mguu mbovu ameunyoosha, kofia imemshukia usoni. Amelala. Mchana kweupe, bila kuguna. Nilisimama pale na ndoo kichwani mpaka shingo ikaniuma, kwa kuogopa kumwamsha.

Kuanzia hapo kiti kikawa chake. Alikula juu yake, alilala juu yake, alipokea wageni juu yake. Alikuwa na rafiki yake, Mzee Sefu, mtu wa utani, ambaye kila baada ya alasiri alikuja kukaa pembeni yake, akatazama mbele kama abiria na kusema, "Dereva, nishushe Kibirizi." Mzee Mashaka anajibu bila kucheka, "Leo hatufiki, njia mbovu." Kila siku maneno hayo hayo. Mimi niko na makaa yangu mlangoni, mgongo unaniuma, nacheka.

Babu yako alianza na viti vya mbele. Kati ya springi na sponji lazima kuwe na kitu kigumu, la sivyo springi zinaikata sponji na siku moja utakalia chuma. Wengine wanaweka gunia. Yusufu wangu alifikiri, akaona gunia linaoza, akaenda Katonga akaleta nyavu za dagaa zilizochoka. Ni nyuzi nyembamba lakini ukizikunja mara nyingi ngumi haipiti. Alizifua ziwani, akazisugua kwa mchanga, akazianika juani, akazishona juu ya springi kwa mikono yake. Kazi ilikuwa safi, sitamnyima haki yake. Huo ndio uchafu wako uliouona.

Ikafika zamu ya kiti cha nyuma. Harusi ilikuwa imekaribia, tumeshapeleka habari kwa ndugu wa mbali. Babu yako akasimama sebuleni anazungukazunguka, anashika dirisha, anaachia, hajui aanzeje. Mzee akamwokoa. "Chukueni," akasema. "Mimi nitalala popote." Akashika fimbo, akainuka mwenyewe, akasogea pembeni kama mtu aliyefika kituo chake. Kiti kikatoka. Kikashonwa, kikatiwa wavu, sponji na ngozi nyekundu iliyoiva, kikafungwa ndani ya gari. Gari likapendeza, mwanangu, siwezi kusema uongo. Majirani walikuja kulitazama. Na paka nao walikuja. Paka wa mtaa mzima walihamia uani kwetu, wanalala chini ya gari, wanapanda juu ya boneti, wanachungulia vioo. Tukasema wanafuata kivuli.

Kila asubuhi nilimuuliza Mzee, "Baba, umeamkaje?" Ananijibu, "Alhamdulillahi." Naendelea na shughuli zangu, na shughuli zilikuwa nyingi: mchele wa kuchagua, vitunguu, nguo za Rehema, wageni wanaolala wapi. Mzee akawa anakula kidogo. Tukasema ni joto. Akaanza kula amesimama, ameegemea ukuta kando ya dirisha. Nami, kwa kumrahisishia, nikawa naweka sahani yake dirishani. Niliona ni wema. Baada ya muda sikuwa hata nafikiri. Mkono wenyewe ulipeleka sahani dirishani.

Siku moja kabla ya harusi aliingia Shangazi Tatu kwa treni kutoka Tabora. Huyu alikuwa dada yake mkubwa Mzee Mashaka, mwanamke mfupi, mkavu, asiye na haraka ya kusema. Babu yako alijitia nguo nzuri akaenda kumpokea stesheni kwa gari, ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ndefu tangu lifufuke. Jua lilikuwa kali. Sisi tumejipanga mlangoni. Gari likatokea, na Shangazi ametoa kichwa chote nje ya dirisha, mtandio umefunika pua. Tukadhani anatupungia, tukampungia. Akashuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Shikamoo, Shangazi," tukamwamkia.

"Marahaba. Yusufu, kabla sijaingia kwa ndugu yangu, niambie. Humu ndani kumefia nini?"

"Hakuna kitu, Shangazi. Ni harufu ya ngozi mpya."

"Ngozi naijua. Hawa ni dagaa. Nawala, nawapenda, lakini siwakalii."

Babu yako akafungua milango yote. Akaingiza kichwa, akavuta pumzi, akasema hasikii kitu. Nikaingiza mimi. Nilisikia gundi, nikasikia ngozi, basi. Jirani wa kulia akanusa, wa kushoto akanusa. Mzee Sefu alikuja na fimbo yake, akanusa viti vyote kwa zamu, akatoa hukumu kwamba gari linanukia vizuri tu. Mtaa mzima ulikuwa upande wetu. Shangazi akawa anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba ya wagonjwa. Kisha nikaona uso wa babu yako unabadilika.

"Nyavu," akasema polepole. "Lakini nilizifua."

"Ulizifulia wapi?"

"Ziwani."

Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka kwa aibu. Jua lilikuwa limeupasha moto kila uzi uliokuwa ndani ya viti vile, na sisi tuliozaliwa juu ya harufu ile hatukuweza kuisikia. Hata paka walijaribu kutuambia.

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshaingia ndani kumsalimu ndugu yake, nami nikamfuata na maji ya kunywa. Tulimkuta Mzee amesimama kando ya dirisha. Walishikana mikono muda mrefu. Shangazi akasema, "Kaa basi tuongee." Mzee akajibu, "Leo nimekaa sana." Shangazi akatazama dirishani. Sahani ya asubuhi ilikuwa bado pale. Akaitazama, akamtazama ndugu yake, akarudia taratibu, "Kaa, Mashaka. Nataka nikuone unavyokaa."

Mzee akaweka kiganja ukutani. Akaanza kushuka, kidogo kidogo, hadi kwenye ukingo wa kitanda cha kamba tulichomwekea badala ya kiti, na ule mguu mbovu haukukunjika. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mimi nimeshika kikombe, na ndiyo kwanza namwona. Kila siku nilipita mbele yake na sikuwa nimemwona.

"Unalala hapa?" Shangazi akauliza.

Mzee akanyamaza.

"Nakuuliza, huwa unalala?"

Shangazi akachukua kikombe mkononi mwangu, akampa ndugu yake anywe, akatoka uani. Wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza kwa kumwona tu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza, maneno yake yangenipita.

"Yusufu, hiyo harufu siwalaumu. Mmezaliwa nayo, mmekulia ndani yake, pua haina dhambi. Lakini baba yenu anakula amesimama. Mmemwekea sahani dirishani kama mnavyomwekea ndege, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini hakai. Mimi nimeshuka treni sasa hivi, nimeona. Nyinyi mmeshazoea, hata maumivu yake mmeyazoea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Babu yako alisimama na kitambaa chake cha kufutia gari mkononi. "Shangazi, harusi ni kesho," akasema. "Na baba mwenyewe ndiye aliyetaka kiti kirudi."

"Najua alichotaka. Nakuuliza wewe umeona nini."

Na hapo Mzee akatoa kichwa dirishani, amekasirika kwelikweli. "Dada, usinivunjie shughuli," akasema. "Kiti kinabaki garini. Mwanangu hatatoka hapa amekaa chini kama gunia. Nimewapeleka mabinti wa watu wote, wangu nishindwe?"

Hapo mambo yalikwama. Dada mkubwa hawezi kurudi nyuma mbele za watu, na baba wa bibi harusi ndiye mwenye shughuli. Desturi zetu unazijua, bibi harusi mkesha wa harusi yake hatoki nje wala hasemi. Lakini Rehema alitoka. Alikuwa na hina mikononi haijakauka, ameinyoosha mikono mbele asiguse nguo. Akasimama chini ya dirisha la baba yake.

"Baba," akasema, "nikikaa juu ya kiti hicho nitakuwa nimekukalia wewe."

Mzee akamtazama.

"Nitakaa kwenye mkeka," Rehema akasema. "Gari ni lile lile. Dereva ni kaka yangu. Mimi naona nimepelekwa na wewe."

Mzee akageuza uso, akarudi ndani. Babu yako akatupa kile kitambaa, akachukua spana, akaingia garini. Alifungua kiti kwa hasira, nilijua ni hasira, maana ni miezi mingi ya kazi yake na watu wote wanatazama. Bolti ya mwisho ilipotoka alikaa humo ndani kidogo peke yake. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Tukakibeba pamoja, yeye mbele, mimi na Rehema nyuma, Rehema akikisukuma kwa viwiko kwa sababu ya hina. Kikarudi chini ya dirisha. Mzee akajishusha, akaegemea, akanyoosha mguu. Kabla sijaleta mto, alikuwa ameshalala. Na Shangazi, aliyekitoa kichwa nje njia nzima kwa sababu ya harufu ile, akavuta kigoda akakaa karibu na kiti, akamfunika ndugu yake kanga yake mwenyewe.

Kesho yake Rehema alikwenda kwa mumewe amekaa juu ya mkeka wa ukindu na mito ya kwetu, yeye na somo yake na Shangazi, miguu wameinyoosha kama wako barazani. Watu waliojipanga barabarani kumwona bibi harusi hawakumwona. Walikuwa chini mno. Kilichoonekana dirishani ni mkono wenye hina, unapunga, unapita. Watu walicheka sana, na vigelegele vikawa vingi kuliko kawaida. Tulikuwa tumetoa kiti barazani ili Mzee ashuhudie, na yeye alilia na kucheka kwa pamoja, akasema afadhali hivyo, vumbi halitamfikia.

Babu yako hakuomba radhi kwa maneno. Wanaume wa nyumba hii, nawe ukiwemo, mnaona neno samahani linawakwangua koo. Ila alikitengenezea kile kiti miguu ya mbao na mahali pa kushika wakati wa kuinuka, na gari likatembea bila kiti cha nyuma kwa miaka. Kiti kilirudi garini Mzee alipokwisha kufariki, na Yusufu hakutaka kuugusa ule wavu. Mabinti wengine wa mtaa walikwenda kwa mkeka, na sikusikia aliyelalamika.

Sasa nasaha, mwanangu, kisha nikuache. Sikukatazi gari. Kazi ya mikono ni nzuri, inamtuliza mtu, na bora gari kuliko mambo mengine ninayoyasikia. Lakini kazi unayoifanya ndani ya nyumba unaifanya juu ya watu. Kabla hujatoa kitu mahali pake, tazama nani amekiegemea. Ukimuuliza mzee "umeamkaje" huku unapita na bisibisi, atakujibu alhamdulillahi, kwa sababu ameona una haraka. Simama. Tazama anavyokaa na anavyoinuka, majibu yako pale. Na mara mojamoja mwite mtu wa mbali aingie nyumbani kwako, umuulize anaona nini, na akikwambia usimkasirikie.

Nimezunguka sana, najua. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema hili, nami linanikwangua koo vilevile. Tangu ulipoweka mbao za milango na viti vya mbele pale koridoni, mimi sijatoka kwenda barazani. Goti langu halikunjiki, na kuruka siwezi. Ulidhani nimependa kukaa chumbani. Umeanza hata kuniletea chai humu humu, asubuhi na jioni, na kila ukiniletea unaniuliza, "Bibi, hujambo?" nami nakujibu sijambo. Chai ni tamu, sukari unaijulia. Lakini nina siku nyingi sijaona watu wakipita njiani, sijamwamkia mtu, sijajua nani kafiwa na nani kazaa. Miaka yote nilikuwa najiuliza kwa nini Mzee Mashaka alinyamaza. Sasa najua. Mzee anakuona una furaha na kazi yako, anaona aibu kukuharibia.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono isiyochoka upesi kama yangu, akupe mke atakayekwambia ukweli na watoto watakaokuuliza mara mbili. Akujalie uwatazame watu wako kila siku kama mgeni aliyeshuka treni sasa hivi. Amina. Haya, sogeza hivyo viti, halafu uje unishike mkono, nataka kutoka nje.